Naomba ushauri: boti ya mfereji kwa siku moja, Bath au Hatton?

Habarini wakuu. Bi mkubwa, yaani mama yangu, anakuja Uingereza mwezi wa saba kutoka Tanga, nataka nikodi boti nyembamba ya mfereji, twende naye na watoto. Mkodishaji haulizi leseni ya kuendesha, na mwendo hauruhusiwi kuzidi maili 4 kwa saa, kwa hiyo kasi hainitishi.

Kinachoniumiza kichwa ni malango ya maji: boti inafungiwa katikati ya malango, maji yanajazwa au kushushwa ili ipande au ishuke, na mtu lazima awe ukingoni kuyafungua na kuyafunga kwa mkono. Kati ya Bath na Bradford on Avon, mfereji wa Kennet and Avon una kipande kirefu kisicho na lango hata moja. Unavuka mto juu ya Dundas, daraja linalobeba mfereji wenyewe, ukichoka unageuza. Hatton, karibu na Warwick, kuna malango 21 yanayofuatana. Watoto watapenda kuyasukuma, lakini nikiwa nchi kavu usukani anashika nani? Maji yakishushwa na nyuma ya boti ikakalia kizingiti cha chini ya lango la juu, boti inainama vibaya, na mke wangu hajaendesha hata mtumbwi.

Mimi naelemea Bath. Mliokwisha kwenda, mama mwenye magoti mabovu anashukaje ndani? Na choo kipo kwenye boti za kutwa? Pilau nitabeba, hilo msihangaike nalo.