Mrejesho: Fuawe Moja, Vifaa vya Kubadilisha

Ndugu mafundi, niliwauliza iwapo karakana ndogo ya Nairobi inahitaji fuawe (chuma kizito ambacho mhunzi hufulia vyuma juu yake) kadhaa, kila moja na kazi yake, au fuawe moja yenye tundu la mraba ambamo vifaa hubadilishwa. Wengi mlinishauri nichukue ya pili, nami nimefanya hivyo. Nawashukuru kwa dhati.

Lililonifaa zaidi ni onyo lenu kuhusu shina la kifaa, yaani sehemu yake inayoingia katika tundu la fuawe. Mhunzi mmoja wa Kamukunji alinifulia tindo ya kukatia chuma cha moto kutokana na ekseli chakavu ya lori, akahakikisha kwamba shina linaingia bila kubana na kwamba mabega yake ndiyo yanayokalia uso wa fuawe, kwa sababu shina linalobana hugeuka kabari kila nyundo inaposhuka, na kabari hiyo yaweza kupasua kisigino cha fuawe, yaani ncha yenye tundu hilo, hasa ikiwa fuawe ni ya chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu). Kwangu mimi, jambo hilo lina uzito kuliko wingi wa vifaa.

Baadaye niliongeza kifaa chenye mfuo wa nusu duara cha kusawazishia vyuma vya mviringo, na pembe ndogo ya kukunjia mapambo ya mageti. Tindo huondolewa mara tu ukataji unapokwisha, maana makali yaliyosimama ni hatari kwa mikono ya wanagenzi.

Anayemjua fundi wa kutoboa tundu la mraba la milimita 25 kwenye bamba nene, karibu na Barabara ya Jogoo, tafadhali anielekeze.