Nikikojoa inaunguza, na bibi naye atibiwe?

Wa Kadutu: Jambo bandugu, niko Bukavu, siku tatu sasa nikikojoa inaunguza na usaha unatoka, bibi anasema yeye hana kitu, nikunywe dawa miye peke yangu ao?

Yaya wa Nyawera: Hapana ndugu. Inaweza kuwa kisonono ao klamidia, magonjwa ya zinaa. Hizo zinaweza kukaa kwa mwanamke bila alama yoyote, kumbe zinaharibu mirija ya uzazi polepole. Muende wote wawili santre ya afya, mupime na ukimwi, kiisha dawa mungoje siku 7 mbele ya kulala pamoja.

Mama Pacha: Na usinunue vidonge vya sokoni! Bwana wangu alifanya hivyo, ikarudi mara mbili, ngai aibu!

Wa Kadutu: Aksanti. Kumwambia bibi njo kazi sasa...