Walimu wa piano wa watoto wadogo, mnafundisha muziki au mnaandaa maonyesho?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Mwanangu ana miaka sita, muhula mzima anafundishwa piano. Siku ya wazazi alipanda jukwaani, akapiga wimbo wake kwa mikono miwili bila kukosea, makofi kama mvua, simu zote juu zinarekodi. Wiki hiyohiyo tukaenda kwa shangazi yake, ambaye ana piano sebuleni. Nikamwambia haya, mpigie shangazi. Akakaa, akaikodolea macho, kisha akaniuliza: "Baba, stika ziko wapi?"

Kumbe darasani kila kitufe kimebandikwa stika ya rangi! Mtoto anakariri nyekundu, nyekundu, bluu, kijani. Ukizibandua, hajui noti ya Do iko wapi. Na ukimwambia aanzie katikati ya wimbo hawezi, lazima arudi mwanzo.

Kinachoniuma ni kwamba piano yenyewe inajieleza. Vitufe vyeusi vimepangwa viwili, vitatu, viwili, vitatu, hivyohivyo karibu kote. Kitufe cheupe kilicho kushoto kabisa, ubavuni mwa vile viwili vyeusi, ni Do. Basi! Mwambie mtoto azitafute Do zote kwenye vitufe 88, atakimbia toka mwisho huu hadi ule, atazipata nane huku anacheka. Nimemfundisha mwenyewe palepale kwa shangazi na alielewa kabla chai haijapoa. Sasa mwalimu aliyesomea kazi hii alishindwa nini?

Halafu ukaaji. Nimezirudia zile video nikaona aibu. Miguu inaning'inia, mabega yamepanda mpaka masikioni, viwiko viko chini ya vitufe, vidole vimelala kama vimechoka. Kigoda cha kukanyagia na kitu cha kumnyanyua kwenye kiti vingemaliza tatizo lote. Nikauliza, nikajibiwa "akikua atakaa vizuri". Atakaaje vizuri na mwili umeshazoea kukaa vibaya?

Wimbo wa muhula ujao nao una oktava mkono wa kushoto, yaani kupiga kwa pamoja noti moja na mwenzake wa jina hilohilo anayefuata, kama Do hadi Do. Oktava ni kama sentimita 16 na nusu, jamani! Mkono wa mtoto wa miaka sita hauifikii bila kuuvuta, na mwalimu anajua, kwa sababu kazi yake ni kuitazama mikono hiyo kila wiki. Béla Bartók, mtunzi mkubwa kabisa, aliandika vipande 153 vya kujifunzia piano, juzuu mbili za kwanza akazitoa kwa mwanawe Péter. Vile vya mwanzo kabisa, mikono miwili inapiga wimbo uleule mmoja na vidole havihami mahali pake. Yeye hakuona haya kuanzia hapo. Sisi tunataka mtoto aanzie kwenye kushangaza wageni.

Kuimba hawaimbi. Kupiga makofi kufuata mdundo hakuna. Nilimwomba mwanangu apige makofi ya wimbo huohuo wake, moja mbili tatu nne, akapotea kabla ya mstari wa pili kwisha. Yaani vidole vinajua, masikio hayajui.

Nilipomkabili mwalimu akaniambia wazazi ndio wanaotaka video. Sawa, wapo, na wengine mko humu humu mnasoma (msinitukane). Lakini mgonjwa akidai sindano asiyoihitaji, daktari anamdunga tu?

Nimeomba mambo matatu: stika zitoke, kigoda kiwekwe, oktava isubiri. Nimejibiwa kwamba "programu ndiyo hiyo". Mtoto simrudishi pale.

Walimu wa piano mliomo humu, njooni mnijibu bila kunizungusha: wiki za kwanza mnamfundisha nini mtoto wa umri huu? Na mliowatoa watoto kwa sababu kama hizi, mwalimu mwingine mlimpataje?