Hindenburg kuvuliwa uraia wa heshima: Berlin ilimwonea?

Mwaka 2020 Jiji la Berlin lilimfuta Paul von Hindenburg katika orodha ya raia wake wa heshima. Ndugu aliyefungua mada hii anasema jemadari huyo, mshindi wa mapigano ya Tannenberg mwaka 1914 na Rais wa Ujerumani tangu 1925, ameonewa: alipomteua Hitler kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali, alikuwa mzee wa miaka 85 aliyezungukwa na washauri wabaya, tena Katiba ilimlazimu kumpa serikali kiongozi wa chama chenye viti vingi bungeni.

Hoja ya Katiba haisimami. Tarehe 13 Agosti 1932, wiki mbili baada ya uchaguzi wa bunge ulioipa Nazi, chama cha Hitler, viti 230, Hitler alifika mbele ya Hindenburg akidai ukansela, naye akamkatalia kwa maelezo kwamba dhamiri yake haimruhusu kukabidhi madaraka yote kwa chama kimoja. Novemba viti hivyo vilishuka hadi 196, na ni baada ya kushuka huko, tarehe 30 Januari 1933, ndipo mzee yuleyule, chini ya Katiba ileile, alipokubali.

Kilichobadilika ni hesabu za kisiasa. Papen, aliyewahi kuwa Kansela, alimhakikishia kwamba Hitler, akiwa na Wanazi wawili tu pamoja naye katika baraza la mawaziri, angedhibitiwa, na Hindenburg alitaka serikali ya mrengo wa kulia isiyowategemea wasoshalisti wa SPD. Hao ndio waliompigia kura katika uchaguzi wa urais wa Aprili 1932 ili Hitler asipite! Brüning, Kansela wa wakati huo aliyemfanyia kampeni kwa jasho lake, aliondolewa ukansela kabla ya Mei kwisha.

Kuhusu heshima yenyewe, tusisahau kwamba alitunukiwa Aprili 1933 pamoja na Hitler, Wanazi wakiwa wamekwisha kulishika jiji.

Nakubali kwamba mwezi huohuo alimwandikia Hitler akiwatetea Wayahudi waliopigana vitani wasifukuzwe kazi serikalini, na sheria ikawapa nafuu kwa muda. Lakini barua hiyo inaudhoofisha utetezi wa uzee, kwa maana inaonyesha kwamba alijua kinachoendelea na kwamba neno lake bado lilikuwa na uzito. Basi ndugu atueleze: kwa nini tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya Bunge kuungua, alitia saini amri iliyosimamisha uhuru wa kusema, wa kukutana na wa magazeti?