MJADALA: Mteja asubiri imeili itoke kwanza, au aachiwe aende zake?

Fundi_Segerea: Wakuu naomba tujadili bila matusi. Nina saiti ya tiketi za mabasi, wiki ya Krismasi watu wamejaa, mtu akishalipa programu inatuma imeili ya tiketi palepale kwa PHPMailer (kodi ya kutumia barua kwenye lugha ya PHP) ndio imfungulie ukurasa wa "asante". Juzi seva ya barua ikawa nzito, kiduara kinazunguka tu, watu wanabonyeza tena, wengine wamelipia siti mbili. Mimi nasema imeili iwekwe foleni, mteja aende. Bosi anasema tusimwambie mtu asante kabla tiketi haijatoka. Nani yuko sahihi?

mama_seva: Wewe. Apache, programu inayohudumia saiti, ile ya prefork (kila mgeni na mchakato wake) kwa kawaida ina nafasi 256, kila anayesubiri imeili amekalia moja. Zikijaa, anayefuata hata ukurasa wa mbele haoni, na prosesa imekaa tu haina kazi. Andika imeili kwenye jedwali la databezi, skripti nyingine pembeni iwe inachukua na kutuma.

Kijana_wa_Kahama: Si PHP inakata yenyewe ikifika sekunde 30? Au 60. Haiwezi kuganda hivyo, labda seva yake ni ya bei chee.

mama_seva: Usimsingizie seva yake. Kwenye Linux zile 30 zinahesabu muda programu inapofanya kazi, muda wa kusubiri mtandao hauhesabiwi. Na PHPMailer usipoigusa inasubiri mpaka sekunde 300. Dakika tano mtu ameshika simu anaangalia kiduara, nani hatabonyeza tena?

Bahari_Kuu: Mnapoteza muda, nani anasoma imeili nchi hii? Abiria wa stendi ya Mbezi anataka meseji kwenye kitochi chake. Tumeni SMS mjadala uishe.

Dada_Tanga: Nani kakutuma uisemee nchi? Mimi nikisafiri kikazi bila risiti kwenye imeili sirudishiwi hela yangu, meseji ya kitochi nampelekea mhasibu gani? Na kaka yangu yuko Muscat, ndiye anamkatia mama tiketi ya Lushoto, anaipata kwenye imeili anaturushia sisi.

Bahari_Kuu: Dada sijakutukana, nimesema walio wengi. Mama yangu mimi hana imeili na anasafiri kila mwezi. Mnajenga mifumo ya wenye laptopu halafu mama anafika dirishani anaambiwa jina halipo.

Dada_Tanga: Mama yako naye anastahili tiketi, sijakataa. Ila usinifute mimi ili yeye aonekane.

Kijana_wa_Kahama: SMS nayo ni ya kulipia jamani, na ina foleni yake. Mimi iliwahi kuniingia basi limeshafika Chalinze.

Bahari_Kuu: Mtandao gani huo unatumia?

Dada_Tanga: Haya sasa tumehamia kwenye laini za simu.

Mzee_Konsoli: Nirudishe kwenye barua maana haya yamenikuta. Usiku mmoja nilipiga mailq, amri ya kuonyesha barua zilizo kwenye foleni, mstari wa mwisho ukasema zimelala 6140, na kila moja chini yake imeandikwa "Connection timed out", yaani imesubiri kuunganishwa mpaka muda ukaisha. Foleni ilikuwepo, tena nzuri, barua haziendi! Kumbe poti 25, mlango ambao seva hutumiana barua, upande wa kutoka nje ilikuwa imefungwa. Wenye seva za mawinguni wengi wanaifunga kuzuia spamu (barua taka), Google Cloud ni mmojawapo. Nikapitisha kwenye rilei (seva ya kati inayokufikishia barua) kwa poti 587, zikaisha kabla ya adhana ya alfajiri. Fundi tazama hilo kwanza. Pia jua kwamba seva ya upande wa pili inaweza kukukataa kwa muda makusudi, ikupe namba 451, yaani "jaribu baadaye", ione kama utarudi, maana wa spamu wengi hawarudi. Postfix, programu ya seva ya kutuma barua, inarudi, ila usipoirekebisha inaendelea kujaribu hadi siku 5. Tiketi ya leo ikifika baada ya siku 5 ni ya nini? Ipe saa chache, ikishindikana ujulishwe umpigie mteja. Na matangazo yapite njia yake, ofa zisimtangulie mtu anayesafiri saa kumi na mbili asubuhi.

Fundi_Segerea: Mzee hiyo ya ofa ndiyo yenyewe. Siku ile asubuhi tulituma ofa kwa watu elfu nane, njia hiyohiyo.

mama_seva: Elfu nane?? Tangu Februari 2024 Gmail ukiwapelekea zaidi ya 5,000 kwa siku wanadai SPF, DKIM na DMARC, yaani uthibitisho kwamba barua imetoka kwako kweli. Unazo zote?

Fundi_Segerea: SPF nadhani ipo.

mama_seva: Usinadhani, kaangalie sasa hivi.

Bahari_Kuu: Na mama yangu bado hamjamjibu.

Fundi_Segerea: Nimefikiria hivi. Hela ikiingia tu siti inaandikwa kwenye databezi, ukurasa wa asante unaonyesha namba ya tiketi kwa maandishi makubwa, mtu ainakili hata kwenye karatasi, dirishani waangalie namba hiyo. Imeili na meseji zije nyuma. Bosi nimemwonyesha, kanyamaza, sijui amekubali au amechoka.

mama_seva: Na kitufe cha kulipa kizimike mtu akishabonyeza mara moja, na maombi yenye namba moja ya malipo yasiingie mara mbili hata akibonyeza kumi.

Dada_Tanga: Waliolipia siti mbili umewarudishia?

Fundi_Segerea: Bado wanne. Nawapigia simu leo.