Tableti bila intaneti katika kisomo cha watu wazima, Bukavu

Mwalimu wa Kadutu
Ndugu zangu, hodi. Ninafundisha kisomo cha watu wazima hapa Kadutu, na wengi wa wanafunzi wangu ni akina mama wanaouza sokoni tangu alfajiri, kisha hufika darasani jioni wakiwa wamechoka. Tumepewa tableti chache, lakini mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika mara kwa mara. Je, tunaweza kuzitumia bila intaneti, na bila kuwaacha nyuma wale ambao hawajawahi kushika kalamu?

Fundi wa Ibanda
Karibu, Mwalimu. Tafuta programu ya Kolibri, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Masomo hupakuliwa mara moja penye intaneti nzuri na kuwekwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi ambayo betri ya kuchajia simu inaweza kuiendesha, kisha tableti zote huunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya humo humo darasani pasipo kulipia mega hata moja. Kwa wanaojua kusoma tayari, programu ya Kiwix huwafungulia Wikipedia ya Kiswahili iliyohifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Zote mbili ni za bure. Kagua tu lugha ya kila somo kabla ya kulipakua, kwani menyu huweza kuwa ya Kiswahili na video yenyewe ikawa ya Kifaransa au Kiingereza.

Mama Mlezi, Goma
Kuhusu vifaa sina neno, ila nakusihi, Mwalimu, usianze na video. Mama asiyejua kusoma huwa anaijua hesabu ya faida na hasara kuliko wengi wetu. Anachokosa ni alama za kuiandika. Mwombe ataje bei ya maharagwe, chumvi na samaki wadogo wa sambaza, umrekodi kwa tableti, kisha maneno yake yale yale yaandikwe ubaoni, naye ajisikilize huku akiyafuata kwa kidole. Wawili watumie tableti moja, ili wasahihishane kwa mazungumzo.

Mwalimu wa Kadutu
Asante sana, Mama. Nitaanza na bei za sokoni. Lakini baadhi yao wanaogopa kurekodiwa.

Mama Mlezi, Goma
Wana haki. Omba ruhusa ya kila mmoja, rekodi zibaki ndani ya tableti, zisipelekwe kwenye kundi lolote la WhatsApp, na anayetaka yake ifutwe, ifutwe mbele ya macho yake. Asiyekubali, mwandikie maneno yake ubaoni moja kwa moja.