Wageni toka Dar waje Dodoma lini: wiki ya bajeti, Bunge likishafungwa, au Nane Nane?

Mkazi wa Ilazo
Wakuu, mbukwenyi. Mama mkwe wangu anataka kuiona Dodoma. Mara ya mwisho alipita usiku kwa treni ya zamani akielekea Tabora, anachokumbuka ni vumbi na wauza karanga dirishani. SGR imemtia hamu upya. Atakuja na wajukuu wawili, mmoja darasa la pili na mwingine la tano, wakae siku tatu hivi. Orodha yake: kuingia bungeni, Msikiti wa Gaddafi, watoto wacheze Chinangali Park, jiwe la Simba, na nguvu ikibaki, michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa.

Nimebakiwa na nafasi tatu: katikati ya Juni wakati wa bajeti, wikendi ya kwanza ya Julai, au Nane Nane. Mama ana presha, hataki kubanwa na watu. Wenye uzoefu nisaidieni, wapi kuna nyomi na wapi kunapumulika?

Bint Kizota
Juni katikati usithubutu. Mwaka fulani niliwalipia wageni wangu chumba kwenye gesti moja mjini, wakafika jioni wakaambiwa kimeshachukuliwa na "watu wa Bunge". Walilala sebuleni kwangu siku tatu, na shangazi yangu hanyamazi akilala kwenye godoro la chini.

Bunge la bajeti linaanza Aprili na kufungwa mwisho wa Juni. Hapo katikati mji unapokea wabunge, maofisa wa wizara, madereva, waandishi, na wenye shida zao wanaowafuata wabunge. Gesti zinapandisha bei, mashangingi yanajaa barabarani. Halafu Juni shule zimefungwa, kwa hiyo Chinangali ni kelele tupu kuanzia saa 9 alasiri.

Dereva Mstaafu
Binti yangu, vyumba umesema kweli, ila umesahau jambo moja. Huyo mama cha kwanza kwenye orodha ni Bunge. Likishafungwa Juni, Julai atakwenda kupiga picha geti. Lazima mwenye wageni aamue: anakwepa watu, au anaonyesha Bunge?

Akitaka Bunge, aje siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, sio ile Alhamisi ya kusomwa bajeti kuu. Siku ile hata ungekuwa na shemeji askari hupati kiti. Kipindi cha maswali kinaanza saa 3 asubuhi. Ombeni nafasi mapema kupitia ofisi ya mbunge wenu, mvae nguo za heshima, mfike saa 2. Maswali yakiisha na wageni wakishatangazwa, makundi ya wanafunzi huondoka na viti vya juu vinabaki wazi. Mama anaweza kukaa mpaka achoke.

Abiria wa Kila Ijumaa
Mimi nafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, familia iko Kibaha. Nisemee treni, maana hapo ndipo watu wengi wanaumia.

Nyomi ya Dodoma haifuati watalii, inafuata ofisi. Ijumaa jioni sote tunashuka pwani, Jumapili jioni tunapanda kurudi kazini. Mgeni wako anakwenda kinyume chetu: apande Ijumaa kuja huku, ashuke Jumapili. Tiketi zake zitapatikana kirahisi kuliko zangu, na Jumamosi asubuhi atakuta mji umetulia kama sikukuu. Ila bajaji za stesheni kubalianeni bei kabla hajakaa. Akishakaa na mizigo, bei ni ya dereva.

Wikendi ya kwanza ya Julai ina faida nyingine: Sabasaba inaendelea Dar, kilele tarehe 7, wengi wanavutwa huko.

Mwalimu Makole
Mnazungumzia tarehe tu. Hapa kwetu saa ndiyo inayoamua, hata Juni unaweza kupita salama.

Jiwe la Simba: Julai jua linachomoza kama saa 1 kasorobo asubuhi, muwe mnapanda kabla ya hapo. Hakuna kivuli kule, na jioni za wikendi vijana wanajazana kupiga picha, mtasubiri zamu kusimama ukingoni. Asubuhi ni ninyi na upepo. Upepo wenyewe wa Julai ni baridi, watoto wa Dar watalia, wabebeeni masweta. Mama abaki chini na chupa ya chai.

Msikiti wa Gaddafi ulifunguliwa 2010 na unabeba kama watu 3,000, kwa hiyo ndani kubanwa si rahisi. Tatizo ni Ijumaa kuanzia saa 6 mchana, barabara za jirani zinajaa magari. Nendeni siku nyingine saa 3 mpaka saa 5 asubuhi, swala ya adhuhuri bado. Kina mama wajifunike, na mpitie kwanza kwa wasimamizi, msiingie tu kama mnaingia dukani.

Nyerere Square, bustani ya katikati ya mji, ni kinyume chake: mchana imepoa kwa sababu inaunguza, jioni ndiyo inachangamka. Mimi ningempeleka mama saa 11 jioni siku ya kazi, nikaachana na Jumapili.

Na mkiwa na siku ya kazi, msisahau makumbusho ya mawe na madini ya watu wa jiolojia (GST). Mtoto wa darasa la tano atayapenda, na foleni sijawahi kuikuta.

Mkulima Nzuguni
Naona mnaikimbia Nane Nane kama ugonjwa. Mwaka 2024 ilifanyika kitaifa hapa hapa Nzuguni, na watu ndio utamu wake. Mtoto wa Dar ataona wapi ng'ombe aliyeoshwa akapambwa? Maonyesho yanaanza tarehe 1 Agosti. Aje siku mbili tatu za mwanzo, aingie saa 3 asubuhi, atoke saa 6. Baadhi ya mabanda yatakuwa bado yanapigiliwa misumari, lakini mwenye banda ana muda wa kumwelezea. Tarehe 8 yenyewe, hapo nakubaliana nanyi, alale nyumbani.

Tena Agosti na Septemba zabibu za msimu wa pili zinavunwa. Julai atakuta majani.

Bint Kizota
Mkulima, stendi kuu ya mabasi nayo iko huko huko Nzuguni. Abiria wa mikoani na watu wa maonyesho wote barabara moja, mwenye presha akae kwenye daladala saa nzima? Na Agosti watoto wako darasani.

Mkulima Nzuguni
Hilo la shule sina jibu. La barabara, watoke alfajiri.

Mrangi wa Kolo
Kolo haina nyomi mwezi wowote, nasema kwa masikitiko. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na unaweza kuzunguka asubuhi nzima na mwongozaji wako tu. Kinachowashinda watu ni mambo mengine. Kutoka Dodoma ni kama kilomita 180, lami tupu, lakini ukiacha lami kwenda Mongomi, kwenye michoro yenyewe, unahitaji gari la juu, na masika korongo likijaa hupiti. Juni mpaka Oktoba ni pakavu. Lipeni na kuchukua mwongozaji pale ofisi ya mambo ya kale Kolo, ondokeni Dodoma saa 11 alfajiri ili mpande kabla jua halijakaza. Mongomi ina mlima, magoti ya mama yaulizwe kwanza. Na ni mahali wazee wetu bado wanafanyia matambiko, mkikuta vitu vimewekwa msiviguse.

Mkazi wa Ilazo
Nimemsomea mama kwa simu. Bunge amesema ataliona kwenye runinga, anataka usingizi. Basi ni wikendi ya kwanza ya Julai: Ijumaa anapanda, Jumamosi Simba alfajiri, msikiti saa 4, Chinangali mchana kabla watoto wa mji hawajatoka, Nyerere Square Jumapili tutairuka, jioni anashuka. Kolo nitakwenda mwenyewe na watoto wakirudi Desemba.

Mrangi wa Kolo
Desemba mvua zimeshaanza mkuu. Mlete tena huyo wa darasa la tano kabla ya mvua, au ongezeni Jumatatu moja hiyo hiyo Julai.

Mkazi wa Ilazo
Jumatatu imeongezwa. Nani ana Land Cruiser ya kukodi?